Muulize Nahodha: "Saa nne usiku nakuta boti iko mchangani"

Shule zimefungwa na kila mtu anataka visiwa. Barua za mwezi huu karibu zote ni za familia na maboti, na nyingi ukizisoma vizuri ni tatizo moja tu limevaa nguo tofauti, nanga. Nimechagua chache, nyingine nimezikata kidogo maana kuna mtu aliniandikia kurasa tano na menyu ya chakula walichobeba.

Shikamoo nahodha. Sisi tuko Mbezi, tulikwenda kisiwa cha Mbudya watu wanane, wakubwa watano na watoto watatu, kwa boti ya shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni ya faiba futi 23 ina mashine moja. Tulichagua Jumamosi ya mwezi mzima makusudi ili watoto waone mbalamwezi, tukalale kwenye mahema. Tukatoka Kunduchi saa tisa na nusu, kufika maji yamejaa mazuri kabisa, shemeji akasogea mpaka pale maji yanapomfika kifuani akatupa nanga, watoto wakashushwa, raha tupu. Magharibi tunakula wali tukasikia boti inagonga gonga chini, shemeji akasema ni mawimbi hayo. Saa nne usiku naenda kuchukua blanketi la mtoto nakuta boti imelala ubavu kama ng'ombe, mchanga mkavu, maji yako kuleee, na jerikeni la petroli limepinduka limemwagikia begi la nepi. Tumekaa macho mpaka saa tisa usiku ndo ikaelea. Shemeji anasema nanga ni mbovu ilikokota, mume wangu anasema nanga ilikuwa pale pale. Mpaka leo hawaongei. Nani mkweli? – Mama Pacha, Mbezi

Marahaba mama, na pole na nepi. Mume wako ndo mkweli, ila usimsomee barua hii kwa sauti mbele ya mdogo wake. Nanga ilikaa pale pale ilipotupwa, kilichohama ni maji.

Mlichagua usiku wa mwezi mzima kwa ajili ya mbalamwezi, sawa, lakini mwezi mzima ndo bamvua. Kila mwezi tuna bamvua mbili, moja mwezi ukiandama na nyingine ukiwa mpevu, hapo jua na mwezi vinavuta bahari kwa mstari mmoja, kwa hiyo maji yanajaa sana na yanakupwa sana, na yanazidi kuwa makali siku moja au mbili baada ya hapo. Katikati yake kuna maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji yanapanda na kushuka kidogo tu kama hayataki. Kwa Dar tofauti ya maji ya kujaa na ya kupwa siku za bamvua inazidi mita 3, maji mafu ni kama mita 1 hivi. Sasa wewe piga hesabu, mmetia nanga kwenye maji ya kifuani, tuseme mita moja na nusu, halafu bahari inashuka mita 3. Unategemea nini?

Na kuna kitu kimoja pwani ya Dar na Unguja ukishakishika hukisahau. Siku za bamvua maji yanajaa mida ya saa kumi na yanakupwa mida ya saa nne. Mchana ni hivyo na usiku ni hivyo. Maji mafu ni kinyume, yanajaa mida ya saa nne yanakupwa mida ya saa kumi. Kila siku inayopita yanachelewa kama dakika 50, ndo maana kwa wiki moja yanazunguka yanageuka. Kwa hiyo mtu akiniambia tu "tulifika Mbudya saa kumi jioni mwezi mzima" mi sihitaji kusikia mengine, najua saa nne usiku walikuwa wapi.

Babu yangu hakuwa na jedwali wala simu, alikuwa anahesabu kwa vidole tarehe za mwezi wa Kiislamu, akigusa vifundo kwa kidole gumba. Tarehe moja mpaka tatu bamvua, kumi na tano mpaka kumi na saba bamvua, tarehe nane na tisa maji mafu, ishirini na mbili na ishirini na tatu maji mafu. Akimaliza kuhesabu anaangalia juu kidogo halafu anakwambia "kesho maji ya saa kumi na moja", na ni kweli. Siku hizi jedwali lipo kwenye simu, na ni zuri zaidi kuliko vidole vya babu maana linakupa na mita, ila watu wanaangalia kama kuna mvua tu wanafunga simu.

Ile kugonga gonga wakati wa magharibi ndo bahari ilikuwa inawaaga. Maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Ukigawa ule mshuko wote mafungu kumi na mawili, saa ya kwanza linaondoka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Yaani saa ya kwanza unaona kama hakuna kitu, unakaa unakula, halafu saa ya tatu na ya nne yanakimbia. Mngesikia ile gonga ya kwanza mkaamka wanaume watatu mkaisukuma nje, mngelala. Baada ya nusu saa hapo hata wanaume kumi hawaisogezi.

Mara nyingine fanyeni hivi. Fikeni mpaka ufukweni, shusheni watoto, mahema, sufuria, kila kitu, halafu boti irudi nje. Kama maji yamejaa na ni bamvua, tafuteni penye mita 5, hapo hata yakipwa yote mnabaki na karibu mita 2 za maji. Anayeipeleka nje atarudi na ngalawa ya wavuvi, hawakosekani pale, au kwa kuogelea na jaketi la kuokolea mwilini. Kupima si lazima mashine ya kupimia, chukua kamba na chubwi mwisho, yaani kile kizito cha kuizamisha, piga fundo kila mita. Wazee walikuwa na jina lake, bildi, na walipima kwa pima, mikono miwili ikinyooshwa.

Na ikitokea tena mmekwama, kwanza mashine inyanyuliwe juu, msiiwashe, itavuta mchanga kwenye mfumo wa kupoozea na hapo ndo gharama. Petroli itolewe ndani ya boti. Halafu, hili watu wengi hawalijui, maji yakiwa makavu mtu abebe nanga kwa miguu aipeleke mbali kule kwenye maji marefu aichimbie kabisa, arudi na kamba. Maji yakirudi boti ikianza kuchezacheza mnavuta kamba, inajitoa yenyewe kwenda nje badala ya kusukumwa na mawimbi kuja ufukweni zaidi. Nyie mngeanza kuvuta kama saa nane na nusu.

Mi mwenyewe yalinikuta nikiwa na miaka ishirini na kitu, najiona fundi, niliwapeleka wageni kwenye fungu la mchanga, wakashuka wanapiga picha na mi napiga soga, kugeuka nyuma mashua imekaa chini kama kuku anayeatamia. Saa sita tukala chakula cha mchana, saa nane tukala chakula cha jioni. Hakuna aliyenilipa.

Nahodha habari. Mi swali langu ni fupi. Tulitia nanga Bongoyo saa nne asubuhi, maji kama mita 3, kamba nilikuwa nayo mita 10 ikatosha kabisa na ikabaki. Saa nane nikiwa ufukweni nakunywa soda naona boti inaondoka taratibu bila mtu. Bahati nzuri boti nyingine iliiwahi. Nanga haikukatika, kamba haikukatika. Ni nini? – Baba K., Tegeta

Kaka, hiyo ni barua ya mama wa Mbezi imegeuzwa. Yeye alitia nanga maji yamejaa, wewe umetia yamekupwa. Kamba "ilitosha" kwa sababu ulipima bahari ya saa nne. Mpaka saa nane, kama ilikuwa bamvua, ilishapanda mita 2 na zaidi.

Nanga haishiki kwa uzito, wengi wanadhani hivyo. Nanga ni jembe. Ukilivuta jembe kwa chini linazama ardhini, ukilinyanyua mpini juu linatoka na udongo. Kamba ikiwa ndefu inalala chini, inavuta nanga kwa ulalo, inazidi kuzama. Kamba ikiwa fupi inasimama wima na kila wimbi linalonyanyua omo, mbele ya boti, linaing'oa nanga kidogo, kidogo, mpaka inatembea. Na mchana upepo wa baharini unaongezeka, ndo maana imetokea saa nane haikutokea saa tano.

Hesabu yake ni hii. Maji uliyoyakuta mita 3, ongeza yatakayopanda mita 3, ongeza kutoka majini mpaka pale kamba inapofungwa kwenye omo, mita 1. Jumla 7. Zidisha mara 5, ni mita 35 za kamba. Kama mnalala zidisha mara 7. Wewe ulikuwa na kumi. Kabla ya kamba weka mnyororo hata mita 4 au 5, unaifanya nanga ilale na kamba haisagwi na mawe.

Ukishatia nanga usiondoke hapo hapo. Rudi nyuma taratibu kwa mashine mpaka kamba ikaze, uione inashika. Halafu chagua vitu viwili nchi kavu vilivyopangana, mfano mbuyu na pembe ya banda nyuma yake. Kunywa soda yako sawa, lakini kila baada ya muda angalia. Vikiachana na upepo haujageuka, kimbia. Na ukiwa na kamba ya mita 35 jua boti itazunguka duara kubwa, usijibane katikati ya boti za watu, hasa wenye kamba fupi, maana wao hawazunguki kama wewe na mtakutana ubavuni.

Lingine, maana picha uliyonitumia nimeiona. Ile nanga yako ya nondo nne zilizokunjwa ni ya wavuvi, inashika mawe na matumbawe vizuri sana lakini kwenye mchanga inateleza kama uma kwenye uji. Kwenye matumbawe nako usiitupe. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, na tumbawe moja kubwa kama meza limechukua miaka mingi sana kufika hapo, yale ya duara yanakua kama sentimita moja kwa mwaka. Nanga inalivunja mara moja tu. Tafuta penye rangi nyeupe ya mchanga, penye weusi au kahawia achana napo, na kama kuna boya la kufungia, funga hapo.

Mama mkwe wangu anataka kwenda ila gari tu la kwenda Bagamoyo linamtapisha. Tumpe nini? – Mkwe Mwema

Asiende na njaa na asiende ameshiba pilau. Mkate mkavu, chai ya tangawizi. Akae katikati kuelekea tezi, nyuma ya boti, lakini mbali na moshi wa mashine, aangalie mbali pale mbingu zinapokutana na maji, asiangalie simu. Kuna vidonge vya duka la dawa, vinamezwa kabla ya kupanda, vikimezwa ameshaanza kutapika vinatoka navyo, na mwambieni mfamasia dawa nyingine anazotumia maana huyo ni mtu mzima. Nendeni asubuhi mapema upepo haujaamka. Na mkifika kisiwani msimcheke.

Salaam mzee. Sisi tuko Mombasa, Likoni. Tumepanga kwenda Shimoni halafu tukodi boti twende Kisite na Wasini, mimi, bwanangu na watoto wawili, mmoja ana miaka minne. Likizo yake ni Julai. Watu wengine watuambia bahari ya Julai ni mbaya, wengine wasema twende tu. – Mama Zuhura

Wa alaikum salaam mama. Wanaokwambia ni mbaya wamekwenda, wanaokwambia nendeni tu nadhani wanauza tiketi. Julai ni kusi kamili, upepo wa kutoka kusini. Kusi linaanza mida ya Aprili linakwenda mpaka Septemba hivi, na Julai ndo lina nguvu, bahari ina mawimbi na maji yamechafuka kwa hiyo hata hayo matumbawe mnayoyafuata hamtayaona vizuri. Mkondo wenyewe kati ya Shimoni na kisiwa cha Wasini umejificha, hapo hamtaona shida, mtasema mbona shwari. Shida ni mkishatoka nyuma ya Wasini kuelekea visiwa vya Mpunguti na Kisite, hapo mko wazi kabisa na mtoto wa miaka minne ataikumbuka safari kwa njia mbaya.

Kama likizo haihamishiki, badilisheni safari. Vukeni Wasini tu, ni karibu, mtembee ile bustani ya matumbawe makavu yenye njia ya mbao inayoendeshwa na kina mama wa kijiji. Pale unatembea juu ya matumbawe ya zamani yaliyobaki nchi kavu, mikoko imeota katikati, na bamvua ikijaa maji yanaingia mpaka chini ya mbao. Mtoto atapenda kaa. Mle samaki, mrudi. Kisite muiweke Oktoba, Novemba, au Februari na Machi, wakati huo upepo ni mdogo na maji yanakuwa kama kioo, na pale Kisite boti zinafungwa kwenye boya, msikubali nahodha atupe nanga juu ya matumbawe ya hifadhi. Pomboo wapo. Simuahidi mtu pomboo lakini wapo.

Nahodha mi nina malalamiko. Tulikodi boti kwenda visiwani, sitaji wapi, tulikuwa 14 na majaketi yalikuwa 9, yote ya watu wazima. Nilipouliza nahodha akaniambia "hapa karibu tu dada, tena bahari leo maziwa". Nilionekana mkorofi mbele ya ukoo mzima. Nilikosea? – Mkorofi

Hukukosea hata nusu. Karibu na mbali ni maneno ya nchi kavu. Mtu asiyejua kuogelea haijalishi anazama mita mia kutoka ufukweni au maili kumi.

Na hata yangekuwa 14 bado mlikuwa na tatizo, jaketi la mtu mzima kwa mtoto halifai. Mtoto akiingia majini jaketi linapanda juu, yeye anashuka chini kupitia humo humo. Jaribu hivi kabla hamjapanda, mvalishe, funga, halafu mnyanyue kwa mabega ya jaketi. Likipita masikioni si lake. Zuri ni lile lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Mi naona familia inayokwenda visiwani mara mbili kwa mwaka inunue ya watoto ya kwake, ikae nyumbani, ni kama kiatu, hukodi kiatu cha mtoto.

Majaketi yavaliwe kabla ya kupanda, yakiwa yamefungwa chini ya kiti kwa kamba ni mapambo. Simu moja iingie kwenye mfuko usiopitisha maji na iwe na chaji, 112 ni namba ya dharura Tanzania, na boti ikiwa na redio ya VHF msaada unaombwa chaneli 16. Na aliyebaki nyumbani aambiwe: tumetoka saa ngapi, tuko wangapi, boti rangi gani, tukikawia kupita saa fulani piga. Hilo ni bure kabisa na karibu hakuna anayelifanya.

Kuhusu ukoo, watakusema mpaka Idi ijayo, wavumilie.

Nahodha mambo. Nina boti ya faiba futi 23 naiweka Kunduchi. Nanga yangu ya kilo 8 ilikokota Mbudya usiku mbele ya familia nikaaibika sana. Nimeona nanga ya kilo 20 nzuri imetumika kidogo, ninunue? – Jina ninalo

Poa kijana. Futi 23, Kunduchi, Mbudya, usiku, familia. Nadhani tumeshakutana hapo juu.

Usinunue. Kilo 8 inakutosha kwa boti hiyo kama ni ya mchanga, kilo 20 itakuvunja mgongo kila ukiivuta na siku moja utaacha kuivuta vizuri. Hela hiyo nunua mnyororo wa mita 5, kamba ya milimita 12 mita 40, chubwi, na uzi wa kufungia jerikeni lisipinduke. Ukibakiwa na kitu mpelekee shemeji yako begi la nepi, ukifika hapo kaka yako atakuwepo.

Na kabla ya safari ijayo angalia mwezi ni tarehe ngapi.